ERPNext kwa maduka ya jumla na vyama vya ushirika vya Magharibi: mfumo mzuri, ila unataka mwenyewe

ERPNext ni programu ya kuendeshea shughuli za shirika zima mahali pamoja: mauzo, manunuzi, stoo na vitabu vya hesabu. Watengenezaji wake ni kampuni ya Frappe ya Mumbai, India, na inatolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Kwa hiyo hakuna ada ya leseni kwa kila mtumiaji, na yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha. Tathmini hii ni ya toleo la 15, lililotoka 2023, na imelenga mashirika ya aina mbili ambayo ni mengi nchini Kenya, kuanzia Nakuru hadi Busia: duka la jumla lenye tawi moja au mawili, na chama cha wakulima kinachonunua mazao na kuuza pembejeo.

Tuseme mapema: kazi inaiweza. Tungeichagua mbele ya mifumo mingi inayouzwa kwa ada ya kila mwezi. Lakini haina namna ya kuliamulia shirika jambo ambalo shirika lenyewe halijaliamua. Mkulima akichukua mbolea kwa mkopo, nani anaidhinisha? Gunia lililorudishwa likiwa limepasuka linaingia stoo gani? Bei ya tawi la Ahero ni ile ile ya Kisumu mjini? Maswali hayo yasipojibiwa na kamati kabla fundi hajafungua kompyuta, fundi atayajibu mwenyewe kwa kukisia, na miezi mitatu baadaye utasikia watu wakisema mfumo ni mbovu.

Tuanze na stoo, kwa sababu ndiko mambo huharibikia. Katika ERPNext kila bidhaa ina kipimo chake cha msingi, na bidhaa ikishauzwa au kununuliwa hata mara moja, kipimo hicho hakibadiliki tena. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuandikisha unga kwa beli kwa kuwa ndivyo unavyoletwa na lori. Beli ina pakiti 12 za kilo 2. Mteja akinunua pakiti moja, mfumo unagawa: 1 kwa 12 ni 0.0833 isiyokwisha, nao kwa mpangilio wake wa kawaida hushika desimali tatu tu, yaani 0.083. Uza pakiti zote 12 moja moja, daftari litasema umetoa 0.996 ya beli. Kipande cha 0.004 kimebaki kwenye kompyuta ilhali rafu ni tupu. Fungua beli 250 kwa njia hiyo na utakuwa na beli nzima ambayo haipo duniani. Meneja ataanza kumtazama karani kwa jicho baya, na karani hana hatia.

Dawa yake ni kuweka kipimo kidogo kabisa kinachouzwa kiwe ndicho cha msingi: unga kwa pakiti, sukari kwa kilo, misumari kwa kilo, mafuta ya mtungi kwa lita ikiwa huwa unapimia watu. Kisha eleza kwamba beli ni pakiti 12 na gunia la sukari ni kilo 50. Mfumo utanunua kwa beli na kuuza kwa pakiti bila shida, na hesabu itatoka nambari nzima. Gorogoro nayo ipewe uzito wake kwa kila bidhaa peke yake. Ni kipimo cha ujazo, kwa hiyo gorogoro ya mahindi na ya maharagwe hazina uzito mmoja. ERPNext inakubali ubadilishaji wa kipimo kwa bidhaa moja moja, na hapo imewashinda wengi.

Kwa vyama vya maziwa tatizo ni hilo hilo kwa sura nyingine. Maziwa hupokewa kwa mizani na kuuzwa kwa lita, na mafundi wengi huandika kilo moja ni lita moja. Siyo. Lita ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Chama kikipokea kilo 10,000, lita halisi ni kama 9,709. Mfumo ulioambiwa kilo moja ni lita moja utaonyesha kila siku upungufu wa lita 291 ambazo hakuna aliyeziiba. Weka kilo kuwa kipimo cha msingi na 1.03 kuwa kigeuzi, halafu yale yanayopungua baada ya hapo ndiyo uyaulize maswali.

Mahindi yanahitaji uangalifu zaidi. Wakati wa mavuno Kitale au Bungoma, chama hununua mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 na kuyakausha hadi 13.5 ili yahifadhike. Maji yakitoka, uzito unashuka: gawa 82 kwa 86.5, unapata 0.948. Magunia 100 ya kilo 90, yaani kilo 9,000, yanabaki kama kilo 8,532. Kilo 468 zimekwenda na mvuke. Njia mbaya ya kuliandika hili ni kutumia fomu ya kusahihisha stoo, kwa sababu fomu hiyo inarekebisha idadi na kuitupa tofauti kwenye akaunti ya marekebisho. Wizi ukichanganyika humo hautauona. Njia njema ni kuwa na bidhaa mbili, mahindi mabichi na mahindi makavu, na kuandika ukaushaji kama ufungaji upya: kilo 9,000 zinatoka, kilo 8,532 zinaingia, na gharama yote ya kununua inahamia kwa makavu. Gharama ya kilo kavu itapanda yenyewe, na hapo ndipo kamati itakapoiona bei ya chini ambayo chama kinaweza kuuzia. Pima unyevu wakati wa kupokea na uandike kwenye risiti ya mkulima. Bila nambari hiyo hesabu yote hii haifanyiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mahindi lisilo na unyevu ni nusu daftari.

Kuna mpangilio mmoja katika stoo ambao tunawasihi wenye maduka wasiuguse: ule wa kuruhusu stoo iende chini ya sifuri. Programu ikija umefungwa. Lori limefika, wateja wako foleni, bidhaa bado hazijaingizwa, mfumo unakataa kuuza, na mwenye duka anaamuru ufunguliwe. Kuanzia hapo gharama ya bidhaa zilizouzwa inakadiriwa, na faida unayoiona mwisho wa mwezi si ya kuaminika. Badala yake badilisha utaratibu wa mlangoni: karani wa kupokea aingize mzigo kwa kufuata hati ya msambazaji wakati vijana wanashusha, mauzo yaanze akimaliza.

Jambo jingine linalowaudhi mameneja, nasi tunalisifu: hati ikishathibitishwa haifutiki wala haihaririwi. Inabatilishwa, kisha inatengenezwa nyingine yenye nambari ile ile na kiambishi -1, na ile ya kwanza inabaki ikionekana. Mwondolee keshia ruhusa ya kubatilisha, apewe msimamizi. Anayemwandikisha msambazaji mpya asiwe ndiye anayemlipa. Ruhusa hizi zinapangwa kwa wadhifa, na kuzipanga kunachukua siku chache tu ikiwa kamati imeshakubaliana nani anafanya nini. Kama haijakubaliana, kila mtu hupewa ruhusa zote kwa muda, na muda huo huwa hauishi.

Seva ikae wapi? Hapa hakuna jibu moja. Kituo cha mauzo cha ERPNext kilipoteza uwezo wa kufanya kazi bila mtandao tangu toleo la 13, na upungufu huu ni mkubwa kwa pande zetu. Ikiwa seva iko mbali na intaneti imekatika Bondo, keshia wa Bondo anarudi kwenye kitabu cha risiti. Duka moja lisilo na matawi linaweza kuiweka seva ndani ya duka: mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, hifadhidata ya MariaDB 10.6, RAM ya GB 4 kama kima cha chini, na GB 8 pamoja na diski ya SSD ikiwa watu kumi na zaidi wanaandika kwa pamoja. Mauzo yataendelea kwenye waya wa ndani hata intaneti ikilala. Ila ujumbe wa malipo ya M-PESA hutumwa kwenye anwani ya HTTPS inayofikika kutoka intaneti, na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, nayo inataka mtandao, kwa hiyo hutakwepa intaneti kabisa. Shirika lenye matawi likodi seva, kisha liwe na laini mbili za kampuni mbili tofauti, moja ya faiba na moja ya simu, na ruta inayohama yenyewe. UPS nayo, yaani betri ya akiba: watu huinunulia kompyuta na kuisahau ruta na swichi. Stima ikipotea, kompyuta inawaka lakini haina pa kuandika.

M-PESA inaunganishwa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo ya wateja na M-PESA. Ombi la malipo linalojitokeza kwenye simu ya mteja linafanya kazi vizuri kwa sababu linabeba nambari ya ankara lenyewe. Ugumu uko kwa mteja anayelipa mwenyewe kwa Paybill, kwani kwenye sehemu ya akaunti huandika analotaka: jina la mtoto, neno "mbolea", nambari ya gari. Zamani fundi aliweza kumtambua kwa nambari ya simu, lakini tangu 2022 Safaricom huificha nambari hiyo katika ujumbe unaofika kwenye mfumo wako. Kwa hiyo mpe kila mteja wa mkopo nambari fupi ya tarakimu nne au tano, ichapishwe kwa maandishi makubwa juu ya ankara, na ujenge ukaguzi unaoikataa akaunti isiyojulikana kabla pesa hazijapita. Usidhani pia kwamba kila ujumbe utafika. Seva ikizimika dakika ishirini, malipo ya dakika hizo yanaweza kukosekana kwenye mfumo ilhali pesa zimeingia. Kila asubuhi mhasibu apakue taarifa ya jana kutoka tovuti ya M-PESA ya biashara na ailinganishe mstari kwa mstari na mfumo. Kazi hii isiachiwe mwisho wa mwezi. Malipo ya wiki tatu zilizopita hayana mtu wa kuyakumbuka.

Upande wa eTIMS, ERPNext haiji nayo. Inahitaji programu ya nyongeza, na hilo liulizwe kabla ya kusaini chochote, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza kodi ya mapato, na wateja wenye biashara hawatanunua kwako bila hiyo. KRA ina njia mbili za kuunganisha mifumo: OSCU kwa walio mtandaoni wakati wote, na VSCU kwa wenye ankara nyingi au mtandao unaokatika. Duka la jumla lenye tawi la kijijini lichukue VSCU. Kila bidhaa itahitaji msimbo wa uainishaji na kundi lake la kodi: asilimia 16, sifuri, au iliyosamehewa. Kwa bidhaa elfu tatu hiyo ni kazi ya wiki kadhaa ya karani wa stoo na mhasibu wakiwa wamekaa pamoja. Fundi hawezi kuwafanyia, maana hajui kodi wala bidhaa. Na ankara ikishafika KRA usiibatilishe ndani ya ERPNext. Toa hati ya kumrudishia mteja, la sivyo vitabu vyako na vya KRA vitasema mambo mawili.

Mishahara tangu toleo la 14 imetolewa ikawa programu ya pembeni, nayo ni ya bure vilevile. Hapa uwazi wa mfumo unalipa. Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya SHIF yalichukua nafasi ya jedwali la NHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wote na isipungue shilingi 300. Mwisho wa Desemba mwaka huo SHIF na ada ya nyumba zikaanza kutolewa kabla ya kukokotoa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Februari 2025 mipaka ya chini na ya juu ya mshahara unaokatwa NSSF, mfuko wa pensheni, ikapanda hadi 8,000 na 72,000. Mabadiliko matatu ndani ya miezi mitano. Shirika lililofungiwa fomula na muuzaji lilimpigia simu mara tatu na kumsubiri mara tatu. Katika ERPNext mhasibu anaandika fomula mwenyewe. Ajipime kwa mshahara wa 40,000 kwa viwango hivyo: NSSF 2,400, SHIF 1,100, ada ya nyumba 600, kiasi kinachotozwa kodi 35,900, PAYE baada ya nafuu ya 2,400 ni shilingi 3,153.35. Mfumo ukitoa nambari nyingine, fomula ina kasoro, na mara nyingi kasoro ni mpangilio wa kipi kinatolewa kwanza.

Ripoti zinatosha. Mizania, faida na hasara, madeni kwa umri wake, mwendo wa bidhaa: zote zipo na zinahamishiwa Excel kwa kubofya mara moja.

Wakati wa kuhamia, usibebe historia yote. Chagua tarehe mosi ya mwezi, hesabu stoo usiku wa kuamkia siku hiyo, ingiza salio la kila bidhaa, na madeni uyaingize ankara kwa ankara ili umri wake ujulikane. Mfumo una akaunti ya muda ya kufungulia vitabu; ukimaliza lazima isome sifuri. Isiposoma sifuri kuna salio umeliruka, na usianze kuuza kabla hujalipata. Daftari la zamani liandikwe sambamba mwezi mmoja. Zaidi ya hapo wafanyakazi huchoka, na wakichoka wanaacha lile wasilolizoea, ambalo ni mfumo mpya.

Nakala za akiba zinastahili maneno makali. Seva iliyosimikwa kwa kawaida hujitengenezea nakala kila baada ya saa sita na kuzitunza kwa saa 24, jambo linalowatuliza watu bure, kwa kuwa nakala hizo zimekaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, zinakufa pamoja. Kila usiku toa nakala kamili pamoja na viambatisho kwa amri ya `bench --site jina-la-tovuti backup --with-files`, na uitume nje ya jengo. Pamoja nayo tunza faili la site_config.json, lenye ufunguo unaofungua nywila zilizohifadhiwa ndani ya mfumo, zikiwemo za barua pepe na za Daraja. Bila ufunguo huo data itarudi lakini miunganisho yote itakuwa imekufa. Mara moja kila miezi mitatu rudisha nakala kwenye kompyuta nyingine na ulinganishe mizania ya majaribio na ile ya seva kuu hadi senti ya mwisho. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa isihesabiwe kuwa nakala. Chama kinashika majina, vitambulisho na simu za wanachama, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu hao.

Marekebisho ya fundi yawekwe kwenye programu ya pembeni ya shirika, kamwe si ndani ya mafaili ya ERPNext yenyewe. Akihariri mafaili ya asili, sasisho linalofuata litagoma au litafuta kazi yake, na shirika litakwama kwenye toleo la zamani. Mwambie akuonyeshe programu hiyo ya pembeni. Akibabaika, tafuta mwingine. Vijana wanaojua Python wanatoka vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro kila mwaka.

Duka lenye kaunta moja halihitaji mzigo huu. eTIMS ya kawaida na Excel iliyopangwa vizuri vinatosha. SACCO inayochukua amana, iliyo chini ya mdhibiti SASRA, nayo isijaribu kuipinda ERPNext ishike hisa, wadhamini na gawio. Iangalie mifumo iliyojengwa kwa ajili hiyo, kama Apache Fineract.

Wengine wote, wachague kwanza mwenye mfumo. Awe mwajiriwa wa ndani, si lazima awe mtaalamu wa kompyuta. Karani anayeelewa stoo na hesabu zote mbili anafaa kuliko fundi anayeelewa seva peke yake. Kazi yake iandikwe kwenye barua ya ajira: anaongeza watumiaji, anafunga akaunti za walioondoka siku hiyo hiyo, anakubali au kukataa kila badiliko, anafunga mwezi ili mtu asiandike nyuma ya tarehe. Kisha mkataba wa fundi useme kwamba jina la tovuti, akaunti ya seva na akaunti ya Daraja vimesajiliwa kwa barua pepe ya shirika, na nywila ya msimamizi iko kwenye bahasha ndani ya sefu ya mweka hazina. Theluthi ya mwisho ya malipo izuiwe hadi fundi asimame mbele ya kamati, achukue nakala ya jana, airudishe kwenye kompyuta tupu, na mizania ya majaribio ilingane.